Chaji ni Akiba ya Nyumba

Usiku mmoja wa masika, katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu, mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa. Siku zake zilikuwa hazijatimia, na mumewe alikuwa safarini. Nyumbani alikuwa na wifi yake, msichana wa kidato cha pili, pamoja na watoto wawili waliokwisha kulala. Nauli ya kumfikisha zahanati ilikuwepo: baba aliituma tangu Jumatatu, nayo ilikuwa kwenye simu. Namba ya kijana wa bodaboda ilikuwepo pia, nayo ilikuwa kwenye simu. Lakini simu yenyewe ilikuwa imezimika tangu alasiri.

Waya wa chaja ulikuwa umekatika kwa ndani, karibu na pini. Kwa siku kadhaa walikuwa wakiukunja na kuukandamiza chini ya sahani ili ushike. Jioni ile sahani iliteleza, wala hakuna aliyeona. Walipoichukua simu, ilikuwa haijaingiza chochote.

Wifi alitoka gizani akagonga mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kijana wa bodaboda alipopatikana, zilikuwa zimepita saa mbili. Akakubali kulipwa kesho yake, na mtoto akazaliwa salama. Mama huyo alipotusimulia habari hii alicheka, kisha akanyamaza. "Waya wa shilingi elfu mbili," alisema. "Hebu fikirini, waya wa shilingi elfu mbili!"

Akina mama wapendwa, mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumewaachia baba, vijana na mafundi: chaja, waya, pini na chaji ya simu. Mama zetu hawakulala bila kujua kama koroboi ina mafuta, kama kiberiti ni kikavu, kama kuni za asubuhi zimeingizwa ndani. Hiyo ilikuwa akiba ya nyumba, na mlinzi wake alikuwa mama. Siku hizi nyumba imeongezewa akiba nyingine. Hatuioni kwa macho kama mafuta ndani ya chupa, lakini ikiisha usiku, tunaihitaji kuliko mafuta.

Betri ya simu si jiwe la redio

Wengi wetu tulilelewa na redio ya mawe. Huku nyanda za juu za Kigoma, redio ndiyo iliyotuletea habari za Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1995 tukapata pia sauti ya Radio Kwizera kutoka Ngara. Mawe yalipochoka, mama aliyaanika juani juu ya bati, nayo yakazungumza siku moja au mbili zaidi. Hiyo ilikuwa busara, na ilifaa kwa mawe yale.

Halafu simu zilitufikia kabla ya umeme wa kutegemewa. Miji ya Kibondo na Kasulu iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2022, gridi ya taifa ilipotufikia kutoka upande wa Nyakanazi na majenereta hayo yakapumzishwa. Leo mama wa mjini ana soketi ukutani. Mama wa kitongoji ambacho nguzo hazijafika ana kipaneli cha sola, au huituma simu kibandani. Lakini wote wawili aghalabu wanaitunza betri ya simu kana kwamba ni jiwe la redio.

Tuanze na kuanika. Betri za simu za siku hizi ni za lithiamu, na adui yake wa kwanza ni joto. Kuiacha simu juani dirishani, kuiweka karibu na jiko, au kuichaji chini ya mto wa kitanda, kote huko ni kuizeesha betri. Ukiona kifuniko cha nyuma kimenyanyuka, au ukiilaza betri mezani nayo ikazunguka kama pia, ujue imevimba. Acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiikandamize irudi, usiitupe jikoni, wala usiwape watoto waichezee. Mpelekee fundi.

La pili ni ile kauli ya muuza duka: "Simu mpya, mama, ichaji saa nane ndipo uiwashe." Na ya tatu ni ndugu yake: "Iache ife kabisa ndipo uichaji." Kauli hizi mbili zilitoka zama za betri za nikeli, ambazo zilikuwa na tabia hiyo. Betri ya lithiamu haihitaji hayo. Tena kuiacha ife kabisa mara kwa mara kunaidhuru. Inaishi muda mrefu zaidi ikiwa kati ya asilimia 20 na 80. Kwa hiyo, mama, ukipata nafasi ya kuchaji kidogo asubuhi na kidogo jioni, chaji bila wasiwasi.

Zijue pini za nyumbani kwako

Tulimwomba mama mmoja wa Kasulu atufungulie droo yake ya waya. Tulihesabu waya kumi na moja, na kati ya hizo ni tatu tu zilizofanya kazi. Nyingine alikuwa hajui hata ni za nini. Hebu tuipange droo hiyo pamoja.

Pini ya mviringo, ya nene na ya nyembamba, ni za simu za Nokia za zamani, kama ile Nokia 1100 ya mwaka 2003 iliyokuwa na tochi kichwani. Kama simu hiyo imekufa na hakuna jirani mwenye nayo, pini hiyo haina kazi tena nyumbani.

Pini bapa, ambayo upande mmoja ni mpana na wa pili mwembamba kidogo, ndiyo maikro. Hii utaiona kwenye vitochi vingi na simu za kupangusa za miaka iliyopita. Ina upande wake. Ukiilazimisha kinyume unaharibu simu.

Pini yenye umbo la yai lililolazwa, isiyo na juu wala chini, ndiyo taipu C. Hii huingia upande wowote, hata gizani, hata kwa bibi asiyeona vizuri.

Iko pia pini ndogo, nyembamba kama ulimi wa njiwa, ya simu za iPhone za kabla ya mwaka 2023. Hiyo haiingii kwenye simu nyingine.

Na ule upande wa pili wa waya, ule mpana wa mstatili unaoingia kwenye kichwa cha chaja, huo ndio USB tunayoitaja kila siku. USB ilitolewa mwaka 1996, mwaka ule ule ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kupokea wakimbizi kutoka Kongo. Nia yake ilikuwa kumaliza fujo nyuma ya kompyuta. Wakati huo kibodi ilikuwa na tundu lake, kipanya tundu lake, printa tundu lake, wala hakuna kilichoingia kwa mwenzake. Makampuni yakaketi pamoja na kukubaliana juu ya tundu moja. Mmoja wa wahandisi waliofanya kazi hiyo ni Ajay Bhatt, mzaliwa wa India, aliyekuwa kampuni ya Intel. Lakini simu zilipoenea, fujo ile ile ikarudi mifukoni mwetu: kila kampuni na pini yake.

Sasa mambo yanaelekea kutulia. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2022, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko zapasa kuwa na tundu la taipu C. Hata Apple, iliyoshikilia pini yake kwa miaka mingi, ilihamia taipu C katika iPhone 15 mwaka 2023. Sheria ya Ulaya si sheria ya Kibondo, lakini viwanda vinavyotengeneza simu za kule ndivyo vinavyotengeneza na za kwetu.

Faida yake kwa mama ni hii: simu ikinunuliwa nyumbani kwako, uliza pini kabla ya kuuliza rangi. Nyumba yenye simu tatu za pini moja inahitaji waya mbili tu, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba. Nyumba yenye simu tatu za pini tatu inahitaji waya sita, nayo aghalabu inalala bila hata mmoja mzima.

Waya hufa kabla ya simu

Ndani ya waya wa USB wa kawaida zimo nyuzi nne. Mbili zinabeba umeme, na mbili zinapitisha picha na habari kati ya simu na kompyuta. Waya nyingi za bei ya chini zina nyuzi mbili tu, tena nyembamba mno. Umeme kupita ndani yake ni kama maji kupita kwenye mpira mwembamba: hufika, lakini hufika kidogo na kwa kuchelewa. Waya ukiwa mrefu sana, hali ni mbaya zaidi. Ndiyo maana mama mmoja atasema, "Simu yangu yashinda kwenye umeme na haijai," akailaumu betri, kumbe ni waya.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji fundi. Chukua waya wako, andika asilimia ya chaji, chaji nusu saa, kisha uandike tena. Simu ikishuka karibu na pale ilipoanzia, rudia kwa waya wa jirani, ukitumia kichwa kile kile cha chaja. Ukiona wa kwako umeongeza asilimia tano na wa jirani umeongeza ishirini, umekwisha kupata jibu.

Tena sikilizeni siri moja ya pini ya maikro. Walioibuni waliweka vile vishikizo vyake vidogo vya springi kwenye waya, si kwenye simu, kusudi panapo kuchakaa, waya uchakae kwanza kwa kuwa ndio wa bei nafuu. Basi pini ikianza kulegea, usikimbilie kukunja, kufunga uzi na kukandamiza kwa sahani. Kwa kufanya hivyo unahamisha ugonjwa kutoka kwenye waya wa shilingi elfu mbili kwenda kwenye tundu la simu.

Na fundi akikwambia, "Mama, sistimu chaji imekufa," usitoe fedha kabla hujafanya mambo matatu. Jaribu waya mwingine. Jaribu kichwa kingine cha chaja. Kisha zima simu, uitazame ndani ya tundu kwa tochi. Vumbi letu jekundu la Kasulu likichanganyika na nyuzi za mfuko wa kanga hushindiliwa mle ndani kila unapochomeka, mpaka pini haifiki mwisho. Litoe taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Usitumie sindano wala pini ya nywele, maana chuma hukwaruza na hugusanisha visivyopasa kugusana. Tumeona simu zilizokuwa zimeambiwa zimekufa zikifufuliwa kwa kijiti.

Waya utadumu ukiuchomoa kwa kushika kichwa chake badala ya kuuvuta, ukiukunja kwa duara pana badala ya kuubana kama kifundo cha khanga, na usipoongea na simu huku inachaji shingo ya waya ikiwa imepinda.

Ukuta kati ya umeme na mkono wa mtoto

Sasa tufike kwenye kichwa cha chaja, maana hapa si suala la fedha tu. Umeme wa ukutani ni volti 230. Simu inahitaji volti 5. Kazi ya kile kichwa kidogo ni kusimama katikati kama ukuta. Chaja nzuri ina ukuta mnene ndani yake. Chaja bandia ina ukuta mwembamba kama karatasi, na siku ukuta huo ukipasuka, umeme wa soketi unapita kwenye waya mpaka kwenye simu, na kwenye mkono ulioishika simu.

Utaijuaje? Chaja bandia aghalabu ni nyepesi kama ganda tupu. Maandishi yake yamefifia au yana makosa. Pini zake zinacheza. Ikichaji robo saa inachoma kiganja, au inatoa mlio na harufu. Tafuta maandishi madogo yanayoanza na OUTPUT. Hapo patakuwa na volti na ampea. Volti 5 kwa ampea 1 ni wati 5, zinazotosha kitochi. Volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10, zinazofaa simu ya kupangusa. Msiogope kwamba chaja yenye ampea nyingi itapasua kitochi. Simu huvuta kiasi inachokihitaji tu. Chaja isiyo na maandishi yoyote, iacheni dukani.

Mnakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozifungia simu bandia? Wengi walilia kwa simu walizonunua kwa bei ya kutupa. Chaja bandia hazifungiwi kwa njia hiyo, kwa sababu hazina namba ya kutambulika kwenye mtandao. Wa kuzifungia ni mama mwenyewe, mlangoni pa nyumba yake.

Tuna jambo jingine, na hili tunalisema kwa uchungu. Soketi zetu ni za matundu matatu. Lile tundu la juu ndilo linalofungua milango midogo ya matundu mawili ya chini, nayo milango hiyo iliwekwa makusudi kwa ajili ya watoto. Chaja nyingi zinazouzwa sokoni ni za pini mbili, basi sisi tunafanya nini? Tunachukua kijiti au kifuniko cha kalamu, tunakidunga tundu la juu, milango inafunguka, tunachomeka. Tunafanya hivyo mbele ya watoto, kila siku.

Mama mmoja wa Kasulu mjini alitueleza kwamba siku moja alitoka kuanua nguo, mvua ilikuwa imetanda. Aliporudi alimkuta mwanawe wa miaka minne amepiga magoti mbele ya soketi. Tundu la juu lilikuwa na kijiti, kimedungwa vizuri kama mama yake anavyofanya. Mkononi alikuwa na msumari, na ncha yake ilikuwa tayari imeingia chini. "Mama, nachaji," alisema mtoto.

Umeme ulikuwa umekatika dakika chache kabla, kwa ajili ya radi. Mama huyo hakumchapa mtoto. Alikaa chini pale pale sakafuni akalia, kwa kuwa aliyemfundisha alikuwa yeye.

Akina mama, adapta ya pini tatu haifikii hata bei ya kilo moja ya nyama. Nunua adapta, au nunua kichwa cha pini tatu, na kijiti kile kitupwe leo. Soketi ya chini isiyotumika izibwe au izibiwe na kabati. Na kwa kuwa nyanda zetu hizi zina radi nyingi wakati wa mvua, ngurumo ikianza, chomoa chaja zote, hata kama baba anasubiri simu ijae. Umeme ukikatika, chomoa pia, maana mara nyingine hurudi kwa kishindo.

Mkiwa mnachaji kibandani au kwa sola

Kwa mama ambaye nguzo hazijamfikia, tufanye hesabu kidogo. Ukilipa shilingi 500 kwa chaji moja, mara tatu kwa wiki, unatoa shilingi 1,500. Kwa mwaka wenye wiki 52, hiyo ni shilingi 78,000, kwa simu moja tu. Ilhali uniti moja ya umeme inaweza kuijaza simu ya kupangusa kiasi cha mara arobaini. Hatusemi mwenye kibanda anawaibia. Naye ana mtaji na kodi ya pango. Tunasema mkiwa akina mama kumi wa kikundi, hesabu hiyo inatosha kuwafanya mkae chini mzungumze juu ya paneli ya pamoja.

Mkinunua sola, msikubali kuunganisha simu moja kwa moja kwenye waya wa paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 huweza kutoa zaidi ya volti 17 jua likiwa kali, na simu inataka 5. Katikati lazima kiwepo kidhibiti, ambacho mafundi huita chaji kontrola, chenye tundu la USB.

Simu ikienda kibandani, toa laini na memori kadi ubaki nazo. Kama betri inatoka, iwekee alama ya rangi ya kucha, maana betri nzima huondoka na betri mzee akarudi. Na kama simu itachomekwa kwenye kompyuta ya mtu nayo ikauliza kama iruhusu kutoa habari zake, mjibu hapana. Zile nyuzi mbili nyingine hazibagui zinabeba nini.

Fedha haikai ndani ya simu

Turudi kwa mama yetu wa usiku ule. Tulimwuliza: mlipogonga mlango wa tatu, yule jirani hakuwa na simu? Alikuwa nayo. Ilikuwa na chaji? Ilikuwa nayo. Basi mbona hamkuhamisha laini? Alitutazama. "Nilidhani fedha imo ndani ya simu yangu," alisema.

Mama mwenzetu, fedha haimo ndani ya simu. Fedha iko kwenye akaunti yako huko mtandaoni, na laini ndiyo ufunguo. Simu ikifa, toa laini, itie kwenye simu ya mtu unayemwamini, piga namba ile ile ya huduma, uweke namba yako ya siri mwenyewe bila kuonekana, kisha uitoe laini yako. Kama laini yako imekatwa ndogo na simu ya jirani ina nafasi kubwa, kuna kifremu cha plastiki cha kuikalisha, kitu cha bei ndogo sana. Kihifadhi pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto.

Namba za simu ni habari tofauti. Zile mara nyingi hukaa ndani ya simu yenyewe, na simu ikifa zinakufa nayo. Kwa hiyo andika namba tano kwenye karatasi uibandike nyuma ya mlango: ya baba, ya zahanati au muuguzi, ya bodaboda, ya jirani, ya ndugu wa karibu. Na mtoto mkubwa ajue karatasi hiyo iko wapi.

Zungumzeni na baba

Katika nyumba nyingi tulizozitembelea soketi ni moja na chaja ni moja, na simu ya baba ndiyo inayotangulia. Hatupendi kuleta ugomvi nyumbani kwa mtu. Lakini tunawaomba mzungumze, jioni, kwa utulivu, baada ya chakula. Mwambie, "Baba, simu yako hutembea na wewe, na huko unakokwenda kuna watu na kuna soketi. Hii yangu ndiyo inayobaki na watoto usiku." Mume mwenye busara ataelewa. Wakubaliane kwamba simu inayobaki nyumbani haitalala chini ya asilimia hamsini, na kwamba anayesafiri habebi waya wa pekee wa nyumba.

Kama mnaweza, wekeni kitochi kimoja cha akiba, kijazwe chaji kila mwisho wa wiki, kizimwe, kiwekwe mahali pa kiberiti. Pawabenki nayo inasaidia, ila msidanganyike na namba zake: yenye uwezo wa 10,000 haijazi mara mbili simu ya betri ya 5,000. Kiasi hupotea njiani, nanyi mtapata mara moja na nusu hivi.

Mama wa usiku ule tulimwacha akiwa na mtoto wake mgongoni, amenenepa vizuri. Ukutani, kwenye msumari ule ule ambao zamani mama mkwe wake alikuwa akitundika koroboi, alikuwa ametundika waya mpya, umekunjwa kwa duara pana. Tulimwuliza kama mtu mwingine huruhusiwa kuuchukua. Alitikisa kichwa. "Huu ni wa nyumba," alisema. "Wa kuchezea wako droo."

Basi mama, kabla hujalifunga gazeti hili, nyanyuka uitazame simu yako ina asilimia ngapi, uutazame na waya wake shingoni. Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani na usiku mwema nyumbani mwenu.